Kisiwa, Mlango na Ushoroba: Kutoka Kilwa hadi Uluguru

Wafasiri wa vitabu vya elimu ya viumbe hukumbana na fikra ya mlima ulio kama kisiwa, yaani msitu wa juu uliozungukwa na nyanda ambamo viumbe wake hawawezi kuishi. Wako wanaoandika "kisiwa cha angani". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Milima ya Uluguru, kwamba neno kisiwa lafaa, lakini kwa sharti kuwa historia yake isisahauliwe.

Tuanze pwani, ambako neno hili ni la kila siku. Huko Kilwa bahari imeingia ndani ya nchi kavu na kufanya hori zenye mikoko, na mbele yake vimekaa visiwa vya Kilwa Kisiwani, Sanje ya Kati na Songo Mnara. Maji hayo yaliyokingwa na mawimbi makubwa ni malezi ya samaki na kamba. Kasa huonekana huko, na nguva pia, ingawa huyu wa mwisho amekuwa adimu mno. Bandari hiyo tulivu ndiyo iliyoufanya mji wa Kilwa utajirike kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, na Wareno wakauteka mwaka 1505.

Mapokeo ya Kilwa yasema kwamba kisiwa hicho kilinunuliwa kwa nguo kutoka kwa mtawala wa bara, na kwamba hapo kale watu walivuka kwa miguu wakati wa maji kupwa. Riwaya mojawapo yaongeza kuwa wanunuzi waliuchimba mlango ule ili muuzaji asipate njia ya kurudi. Iwe kweli au isiwe, riwaya hiyo ina fundisho kwetu: kisiwa si kazi ya bahari peke yake. Mkono wa binadamu nao waweza kukifanya.

Na Uluguru tunaona namna zote mbili. Namna ya kwanza ni kazi ya maumbile. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda mitelemko ya mashariki na kumwaga mvua nyingi, na kwa sababu hiyo msitu umedumu huko kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambapo nyanda za chini zilikauka. Viumbe waliotengwa wakachukua maumbo yao wenyewe. Ndege aitwaye kwa sayansi Malaconotus alius, mwenye utosi mweusi na kifua cha manjano, haonekani penginepo duniani. Hali kadhalika chozi mmoja, Cinnyris loveridgei.

Namna ya pili ni kazi ya jembe. Msitu wa Uluguru Kaskazini na ule wa Kusini hutenganishwa na ukanda wa mashamba huko Bunduki, ambako zamani palikuwa na miti. Hivyo kisiwa kimoja kimekuwa viwili. Wala haifai kumhukumu mkulima kabla ya kuisoma historia. Waluguru waliigawa ardhi kwa koo za upande wa mama, nayo haikuongezeka watu walipoongezeka. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwashurutisha kuchimba matuta ya ngazi, kazi iliyokuwa nzito na yenye faida haba machoni pao. Mwaka 1955 vurugu zikazuka, na mpango ule ukaachwa.

Hapa ndipo ulipo uzito wa istilahi. Tukisema "kisiwa" na kunyamaza, basi wanavijiji wanaouzunguka msitu wamegeuzwa kuwa bahari: kitu kitupu, kisicho na jina wala haki. Tena msitu huo haukukatika na walio mbali, kwani maji ya Mto Ruvu, yatokayo Uluguru, hunywewa Dar es Salaam. Nacho Kilwa Kisiwani hakikuishi kamwe bila bara.

Mwaka 2008 hifadhi za misitu za Kaskazini, Kusini na Bunduki ziliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru. Tangu hapo suala la kuvirudisha pamoja visiwa vile viwili limehitaji neno, na bahati njema Kiswahili kinalo: ushoroba. Neno hilo la njia nyembamba sasa limezoeleka kwa maana ya mapito ya wanyama.

Basi tunapendekeza "kisiwa cha msitu" badala ya "kisiwa cha angani", kwa kuwa kinachotengwa ni msitu, si anga. Tunapendekeza pia kwamba mfasiri asiliache neno hilo peke yake, bali autaje mlango uliokitenga kisiwa, aseme ulifanywa na maumbile au na watu, na autaje ushoroba pale ulipo. Istilahi ikionyesha jinsi mtengano ulivyotokea, msomaji atajua pia kwamba baadhi ya mitengano yaweza kuondolewa.