Miguu ya Mwamuzi

Wapo wanaodhani mwamuzi wa mpira wa kikapu ni mtu wa filimbi tu. Huenda hapo mwanzo alikuwa hivyo. James Naismith alipoandika sheria zake 13 mjini Springfield, Marekani, Desemba 1891, aliweka waamuzi wawili. Mmoja aliwatazama wachezaji na kuhesabu madhambi yao. Mwenzake aliutazama mpira, akatunza saa na kuandika magoli. Mchezaji hakuruhusiwa kukimbia na mpira, sharti aurushe kutoka pale alipoudakia. Mchezo wa namna hiyo mtu aliweza kuuamua huku amesimama.

Wachezaji walipojifunza kwenda mbio wakiudundisha, mwamuzi naye hakuwa na budi kukimbia. Ndiyo sababu kila jioni, vipindi vikiisha, nahangaika kwenye kiwanja cha udongo hapa Masasi. Nimeitwa kambi ya kuchuja waamuzi, na zimebaki wiki tano. Kipimo cha FIBA ni kukimbia mita 20, kwenda na kurudi, kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha: mara 86 kwa dakika 10 kwa mwanamume, mara 66 kwa dakika 8 kwa mwanamke. Mimi huishia sabini na kitu. Tumekwisha kuambiwa kuwa atakayeshindwa mbio hataulizwa sheria.

Na sheria nazo si zile nilizojifunza shuleni miaka ya 1990, tulipocheza vipindi viwili vya dakika 20, sekunde 30 za kushambulia na 10 za kuvuka nusu ya uwanja. Mwaka 2000 zikaja robo nne za dakika 10, sekunde 24, na sekunde 8. Mwaka 2010 mstari wa pointi tatu ukasogezwa kutoka mita 6.25 hadi 6.75. Mkono uliozoea kuhesabu hadi kumi sasa naufundisha kukomea nane. Si kazi ndogo! Vijana wetu wakienda UMISSETA huadhibiwa kwa sheria ambazo nyumbani hawakuwahi kupigiwa filimbi, na hilo ndilo linalonitoa jasho kuliko cheti.

Mwenzangu mmoja hunicheka kwamba udongo haumfunzi mwamuzi. Nami humkumbusha Berlin, 1936: fainali ya kwanza ya Olimpiki ilichezwa nje, juu ya udongo na mchanga, mvua ikinyesha. Mpira haukudunda. Marekani wakawashinda Kanada 19 kwa 8. Sisi angalau wakati wa kiangazi mpira unadunda, ingawa mistari ya majivu hufutika kabla ya mapumziko.

Wanaonihesabia ni wasichana wa kidato cha tatu. Jana walisema 74. Mmoja wao akakataa: mara ya mwisho mguu haukufika kwenye mstari. Tumeandika 73.