Pingili
pingili nm [i-/zi-] sehemu ya shina iliyo kati ya vifundo viwili, k.m. ya muwa, mwanzi au mpunga.

Matumizi: Pingili si kifundo. Katika Bonde la Kilombero, penye miwa Kidatu na mpunga Ifakara, tofauti hiyo ina uzito: kifundo hubeba jicho linalochipua, pingili hurefuka. Homoni iitwayo jiberelini huchochea kuta za seli zilegee. Msukumo wa maji yaliyomo ndani huzitanua, kisha hukakamaa. Ndivyo baadhi ya aina za mpunga hurefusha pingili upesi, majani yabaki juu ya mafuriko.

Mfano: Kipande cha muwa kisicho na kifundo hakichipui, hata pingili yake iwe ndefu.

Taz. pia kifundo.