Msisifu Ubao, Sifuni Gurudumu

Wasee, kila mtu akiona longboard yangu anasifu ubao. Zii. Ubao ulikuwepo kitambo.

Miaka ya 1950 vijana wa California waliozoea kuteleza juu ya mawimbi walitaka raha ileile bahari ikitulia. Wakapigilia magurudumu ya viatu vya kuteleza chini ya ubao, wakashuka nao barabarani. Shida, magurudumu yalikuwa ya chuma, halafu yakaja ya udongo. Kajiwe kadogo tu na ubao unasimama papo hapo, wewe unaendelea na safari peke yako.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy akaleta ya urethani, plastiki inayobonyea kidogo na kurudi. Hiyo inashika lami na kupita juu ya kokoto. Bila hiyo, sidhani leo tungekuwa na longboard ya kuongelea.

Kwa hivyo mkiniuliza mnunue gani, michoro achaneni nayo. Ubao mrefu unatulia kwenye mteremko, sawa, lakini kwa lami yetu ya viraka tafuta gurudumu laini la milimita 70 hivi. Mimi nilianza na madogo magumu ya mtumba. Kiwiko cha kushoto bado hakinyooki vizuri.