Mali Bila Daftari: Nasaba ya Programu Huria

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huambiwa wafanya biashara, lakini si wao peke yao wanaohitaji daftari. Watungaji wengi wa tenzi wa pwani yetu hawakuweka kalamu chini kabla ya kutaja, katika beti za mwisho, jina la mtungaji, au hesabu ya beti, au mwaka wa Hijra. Beti hizo hazikuongeza kitu katika kisa kilichosimuliwa. Walakini leo ndizo zitujulishazo nani wa kushukuriwa, na kama ubeti umeanguka katika mikono ya wanakili, ndizo zitoazo ushahidi kwamba umeanguka. Nimeanza na desturi hiyo kwa sababu insha hii inahusu kazi ya namna nyingine, inayopita katika mikono mingi zaidi, ambayo wenyewe walichelewa kujifunza somo hilo, na sehemu ya somo walifundishwa mahakamani.

Kazi hiyo ni programu huria, yaani programu ya kompyuta ambayo maandishi yake ya asili hutolewa wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyatumia, kuyabadili na kuyagawa. Pamoja na maandishi hayo huhitajika maelezo juu ya maandishi, ambayo wataalamu huyaita metadata: jina la mradi, namba ya toleo lake, majina ya waliouandika, jina la anayeutunza sasa, leseni inayoutawala, na programu nyingine ambazo unazitegemea. Kwa mtazamaji wa haraka maelezo haya ni kama jalada la kitabu, ambalo likichanika kitabu husomeka vile vile. Nakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba maelezo hayo ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mfumo wa kompyuta uitwao UNIX ulizaliwa mwaka 1969 katika Bell Laboratories, maabara ya kampuni ya AT&T ya Marekani. Katika miaka ya 1970 vyuo vikuu vilipewa leseni ya kuutumia pamoja na maandishi yake, na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikawa miongoni mwa vilivyoushughulikia kwa bidii kubwa. Walimu na wanafunzi wake waliongeza, wakasahihisha, wakagawa nyongeza zao kwa vyuo vingine. Hivyo kwa zaidi ya miaka kumi kazi ya kampuni na kazi ya chuo zilichanganyika kama maji ya mito miwili iliyokutana. Aliyetaka kazi ya Berkeley alilazimika kwanza kuwa na leseni ya AT&T, na bei ya leseni hiyo ilizidi kupanda.

Mwezi Juni 1989 chuo kiliitenga sehemu ya mitandao, iliyokuwa kazi ya Berkeley, kikaitoa kwa masharti mepesi: kila mtu aitumie apendavyo, ila tamko la hakimiliki lisiondolewe katika maandishi, na atakayeitia katika bidhaa yake aseme katika maelezo ya bidhaa hiyo kwamba ndani yake mna kazi ya chuo na ya waliochangia. Hawakudai fedha kwa kila nakala iliyotolewa baadaye, walidai kutajwa.

Kisha mmoja wao, Keith Bostic, akashauri kwamba programu nyingine zote zilizotoka AT&T ziandikwe upya, ili mfumo mzima uwe huru. Aliwaalika watu kwa njia ya mtandao waziandike bila kutazama maandishi ya kampuni, wakifuata tu maelezo yaliyochapishwa ya kazi ya kila programu. Mshahara haukuwapo. Malipo yalikuwa jina la mtu kuandikwa katika orodha ya waliochangia, kando ya jina la programu aliyoiandika. Mamia ya watu waliitika, na katika muda wa miezi kumi na minane hivi karibu programu zote muhimu zilikuwa tayari. Msomaji na apime: kile tukiitacho maelezo ya pembeni ndicho kilichokuwa ujira wa kazi yote. Kukifuta kungekuwa kumdhulumu mfanya kazi jasho lake.

Ilibaki kiini cha mfumo. Bostic na wenzake Mike Karels na Kirk McKusick walikipitia faili baada ya faili, wakiuliza kila moja imetoka wapi. Mwishowe zilibaki faili sita tu ambazo hazikuweza kuandikwa upya kwa urahisi. Walitoa kazi yao bila hizo mwezi Juni 1991, na muda si mrefu mtu mwingine, Bill Jolitz, akaziba pengo la faili sita.

Mwaka 1992 Unix System Laboratories, tawi la AT&T lililomiliki UNIX, liliishtaki kampuni iliyoanza kuuza mfumo huo, kisha likakiunganisha na chuo katika mashtaka. Hapo ndipo thamani ya daftari ilipodhihirika, na ilidhihirika kwa pande zote mbili. Mwaka 1993 Jaji Dickinson Debevoise alikataa kuzuia kazi ya Berkeley isigawiwe. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba toleo la kale la UNIX, liitwalo 32V, lilikuwa limegawiwa bila tamko la hakimiliki; na kwa sheria ya Marekani ya siku zile, kazi iliyotangazwa bila tamko hilo iliweza kupoteza ulinzi wake. Kwa kukosa mstari mmoja wa maandishi, kampuni kubwa ilikaribia kupoteza haki iliyoidai.

Chuo nacho kilifungua mashtaka yake California. Kilidai kwamba kampuni ilikuwa imetia kazi ya Berkeley katika UNIX yake bila kukitaja chuo kama leseni ilivyotaka. Kwa hivi mdai akawa mdaiwa kwa kosa la namna ile ile: haki ya mtu haikuandikwa mahali pake. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na hapa aliyedharauliwa alikuja kuidai haki hiyo kwa mawakili.

Ugomvi ulimalizwa kwa mapatano mapema mwaka 1994. Katika faili zipatazo 18,000, tatu ziliondolewa, chache zikarekebishwa, na faili 70 hivi zikaongezwa tamko la hakimiliki la upande wa pili huku zikiendelea kugawiwa bure. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya vita ya miaka miwili: faili tatu na mistari ya kutaja majina. Kama asili ya kila faili ingaliandikwa tangu siku ya kwanza, yamkini mambo yote yangalikwisha mezani.

Wakati huo huo wengine walikuwa wakijenga daftari tangu mwanzo. Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, uliweka desturi kwamba kila programu ifuatane na karatasi yake, yenye mistari ya jina, toleo, mtunzaji, programu zinazotegemewa na maelezo mafupi. Karatasi hiyo husomwa na mtu, na husomwa na kompyuta pia. Mwaka 2011 ilitolewa kanuni ya SPDX, inayozipa leseni majina mafupi yasiyo na utata, na mwaka 2021 ilikubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa.

Walakini kanuni njema haifuti uzembe wa jana. Mwaka 2017 watunzaji wa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, walikuta maelfu ya faili zisizo na neno lolote juu ya leseni. Iliwapasa kuzichambua, kisha kuzitia alama. Mstari ambao mwandishi angaliuandika kwa nusu dakika ulihitaji, baada ya miaka, jopo la wachunguzi.

Hatari si ya sheria peke yake. Mwezi Desemba 2021 ilitangazwa dosari kubwa katika Log4j, programu huria ya kuandika kumbukumbu za matukio, iliyokuwa imetiwa ndani ya programu nyingine zisizo na hesabu. Dawa ilitolewa upesi. Lakini mashirika mengi hayakujua kama ugonjwa umo nyumbani mwao, maana hayakuwa na orodha ya viungo vya programu walizozitumia. Walihangaika kuutafuta mlango ambao mgeni aliweza kuuona kabla ya mwenyeji.

Atakuwapo atakayesema kwamba karatasi nayo husema uongo. Kweli, jina la mtunzaji huweza kubaki miaka baada ya mwenyewe kuondoka, na leseni iliyoandikwa mbele huweza kupingana na ile iliyo ndani. Lakini daftari lililopitwa na wakati dawa yake ni kulitunza, si kulichoma; na anayebadili kazi bila kubadili maelezo yake amefanya nusu ya kazi.

Kwa hivi mwanafunzi anayetoa programu yake ya kwanza asiseme kwamba ataandika maelezo baadaye, kazi ikisha kuwa kubwa. Ikisha kuwa kubwa itakuwa na mikono mingi, na kila mkono utakuwa na haki ambayo hakuna aikumbukaye. Na aandike leo jina la kazi, toleo, waandishi, mtunzaji, leseni na vitegemewa. Ni mistari sita. Watungaji wetu wa tenzi hawakuiona kuwa mizigo, na kwa ajili hiyo tungali tunawajua kwa majina.