Nzi wa maembe: Maabara yafichua jinsi wadudu wanavyoishinda sumu

Embe linalouzwa katika soko la Kongowea, Mombasa, laweza kuonekana zima kwa nje ilhali ndani limejaa funza. Mhusika mkuu ni nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Pwani ya Kenya mwaka wa 2003. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani ya tunda, mahali ambapo dawa haifiki kwa urahisi.

Hatari zaidi ni kuwa nzi huyu hubadilika. Ili kuchunguza mabadiliko hayo, wanasayansi hufuga wadudu kizazi baada ya kizazi, huwapa sumu, kisha huzalisha walionusurika pekee. Matokeo ya jaribio lililofanywa Taiwan, yaliyochapishwa mwaka wa 2006, yalionyesha kuwa baada ya vizazi 8 tu, nzi hao walihitaji zaidi ya mara 400 ya kiwango cha spinosadi kilichowaua wenzao. Sumu iliangamiza wanyonge na kuwaachia uwanja wenye kinga ya kurithi.

Maadui wa asili nao hukumbana na kinga. Mabuu ya nzi huyo huyazingira kwa chembe za damu mayai ya baadhi ya nyigu wa kienyeji na kuyaua. Kwa hivyo, mwaka wa 2006 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kilileta kutoka Hawaii nyigu Fopius arisanus, anayetaga ndani ya yai la nzi.

Mwaka wa 1997, A. R. Kraaijeveld na H. C. J. Godfray wa Uingereza walionyesha kuwa hata kinga dhidi ya nyigu huweza kukua. Miongoni mwa nzi wadogo wa Drosophila, walioponea nyigu walipanda kutoka asilimia 5 hadi 60 katika vizazi 5. Hata hivyo, chakula kilipokuwa haba, mabuu yao yalishindwa kukipigania. Kinga ina gharama.

Gharama hiyo ndiyo fursa ya mkulima. Silaha moja ikitumiwa mfululizo, huzaa mdudu sugu; zikichanganywa, humchelewesha. Hivyo basi, wakulima hushauriwa kubadilisha aina za dawa, kutega mitego ya chambo, kuwahifadhi nyigu na kufukia kabisa maembe yaliyooza, shambani na sokoni.