Kisima ni Mali ya Nani? Historia ya Udhibiti wa Uchimbaji wa Visima Nchini Tanzania

Maji yaliyo chini ya ardhi hayaonekani, na kitu kisichoonekana ni rahisi kunyang'anywa bila mwenyewe kujua. Kwa sababu hiyo historia ya sheria za visima ni sehemu ya historia ya umiliki. Swali lake la msingi ni moja: nani mwenye mamlaka ya kutoboa ardhi, kwa manufaa ya nani, na elimu inayopatikana katika shimo hilo inabaki kwa nani?

Tuanze na mahali pamoja. Munisagara ni kituo cha Reli ya Kati katika bonde la Mto Mkondoa, magharibi ya Kilosa. Nchi hii ya Usagara ndiyo aliyoijia Karl Peters mwishoni mwa mwaka 1884 akiwa na karatasi za mikataba. Miongoni mwa watawala walioandikwa katika karatasi hizo yumo Mangungo wa Msovero, na yumo pia yule ambaye Wajerumani walimwita "Muinin Sagara", jina ambalo msomaji atalitambua mara moja. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Peters. Kwa alama za mikono zisizoeleweka kwa waliozitia, ardhi ilihama pamoja na mito, chemchemi na maji ya chini yake.

Maji chini ya mkoloni

Waingereza waliporithi Tanganyika hawakufuta unyang'anyi huo. Waliupanga kwa sheria. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliiweka ardhi chini ya mamlaka ya Gavana, na katika mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kwanza ya kusimamia matumizi ya maji. Sheria ya Maji ya 1948 ilikwenda mbali zaidi: maji yote ya nchi yaliwekwa mikononi mwa Gavana. Sheria nyingine ikafuata mwaka 1959.

Sheria hizi zilimjua mtu mwenye hati. Mwenye shamba la mkonge Kilosa au Kimamba aliweza kuomba haki ya maji, kuisajili na kuitetea mahakamani. Mkulima aliyechimba kisima chake kwa jembe na kamba, kwa mila ya wazee wake, alitambuliwa kwa maneno tu. Hakuwa na karatasi. Palipotokea mgongano, karatasi ilishinda mila. Huo ndio udhibiti wa kitabaka: sheria haikumkataza mnyonge kuchimba, bali ilimwacha bila silaha mbele ya mwenye silaha.

Baada ya Uhuru

Mwaka 1965 Serikali iliamua kubeba gharama zote za kujenga miradi ya maji vijijini. Kabla ya hapo halmashauri zilitakiwa kuchangia robo, jambo lililowabagua maskini. Azimio la Arusha la 1967 liliyataja maji miongoni mwa njia kuu za uchumi. Mwaka 1971 ulianza mpango wa miaka 20 wenye lengo la kumfikishia kila mwananchi wa vijijini maji safi karibu na nyumba yake ifikapo 1991.

Sheria ya Maji namba 42 ya 1974 ndiyo iliyotafsiri msimamo huo. Maji yote ya Tanzania Bara yakawa mali ya Jamhuri ya Muungano. Lakini hebu tuichunguze sheria hiyo kwa makini. Mwenye ardhi aliruhusiwa kuchimba kisima cha matumizi ya nyumbani bila kuomba haki ya maji, mradi asivute zaidi ya lita 22,700 kwa siku, na kisima kisiwe karibu mno na kisima kingine.

Lita 22,700 ni galoni 5,000 za Kiingereza. Kipimo kilibadilishwa jina, kiasi kikabaki kile kile. Tukichukua kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku, kinachotumika katika mipango ya maji vijijini, maji hayo yanatosha watu 908. Je, nyumba gani ya mkulima ina watu 908? Ruhusa iliyoitwa ya nyumbani ilikuwa na upana wa kijiji kizima. Mwenye mtambo na injini angeweza kuitumia yote. Mwenye ndoo na kamba asingefika hata sehemu ndogo. Katiba ya umiliki ilikuwa imebadilika, lakini hesabu za mkoloni zilikuwa bado zimo ndani yake.

Fundisho la visima vifupi

Mitambo ya visima virefu ilitegemea injini za dizeli. Bei ya mafuta ilipopanda kuanzia 1973, injini nyingi zilinyamaza. Hapo ndipo visima vifupi vilipopata nafasi. Kwa ushirikiano na Uholanzi, kazi ilianza Shinyanga mwaka 1974, kisha mwaka 1978 ukaanza mradi wa ujenzi wa visima katika Mkoa wa Morogoro, ambamo Kilosa imo.

Njia yake ilikuwa rahisi. Kikundi cha watu kilizungusha keekee ya mkono hadi kwenye tabaka la mchanga wenye maji. Maji yalivutwa kwa muda ili kupima kama kisima kinajaza upesi. Kikifaa, liliteremshwa bomba la plastiki lenye matundu, likazungushiwa kokoto, juu yake ukawekwa udongo mzito wa kuzuia uchafu, kisha sakafu ya saruji na pampu ya mkono.

Kila hatua hapa ni udhibiti wa kweli, maana kisima kibovu ni hatari kuliko ukosefu wa kisima. Bonde la Mkondoa lina ushahidi wake: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaling'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe na kuwaacha maelfu bila makazi. Maji ya namna hiyo yakifika kwenye kisima kisichozibwa, huingiza kinyesi cha kijiji kizima katika ndoo ya kila nyumba.

Hata hivyo palikuwa na kasoro. Sheria ya Vijiji ya 1975 ilikipa kijiji serikali yake, lakini vipuri, vipimo na kumbukumbu mara nyingi vilibaki kwa wataalamu na wafadhili. Pampu ilipovunjika, kijiji kilingoja gari kutoka mjini. Mwaka 1991 ulifika na lengo halikutimizwa. Sera ya maji ya mwaka huo ikarudisha uchangiaji wa wananchi.

Udhibiti wa leo na wajibu wa kada

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji namba 11 ya 2009 iliweka vibali vya matumizi ya maji chini ya mabonde; Kilosa imo katika Bonde la Wami/Ruvu. Kanuni za 2013 zinamtaka mtafiti na mchimbaji wa maji ya chini ya ardhi awe na leseni. Wakala wa uchimbaji visima na mabwawa uliingizwa katika RUWASA, iliyoanzishwa kwa Sheria namba 5 ya 2019.

Leseni ni jambo jema, lakini leseni humdhibiti mchimbaji siku ya kuchimba tu. Kisima huishi miaka mingi baada ya mtambo kuondoka. Kwa hiyo ripoti ya kisima, yaani kina chake, tabaka zilizopitiwa, kimo cha maji na kiasi kinachotoka kwa saa, haiwezi kuwa siri ya mkandarasi wala karatasi ya kabati la wilaya. Nakala yake hapana budi ikae katika ofisi ya kijiji, na isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji.

Mwaka 1884 Usagara ilipotea kwa karatasi ambayo wenye nchi hawakuweza kuisoma. Kijiji kinachonywa maji ya kisima ambacho hakijui kina chake bado hakijatoka mbali na siku hiyo. Kazi ya kada ni kuhakikisha kwamba karatasi ya kisima inasomwa, inaeleweka na inamilikiwa na wale wanaoteka maji.