Nani Aulizwe Kwanza? IBM, Fujifilm na Nokia Zilipokaribia Kuzama

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye semina ya uongozi, iwe Dodoma, Nairobi au Boston, anaijua karatasi iliyogawanywa vyumba vinne: nguvu, udhaifu, fursa, vitisho. Karatasi hiyo imetembea dunia nzima hadi haina tena kwao. Kampuni za teknolojia zinazoyumba huijaza kwa maneno yanayokaribiana mno, na mshauri anayelipwa vizuri anaweza kuihamisha kutoka bara moja hadi jingine kwa kubadili jina la kampuni tu. Tofauti iko mahali pengine, katika jambo ambalo vitabu vya mkakati hulipitia juu juu: kabla kalamu haijagusa karatasi, nani huulizwa kwanza?

IBM ya Marekani, Fujifilm ya Japani na Nokia ya Ufini zinastahili kuwekwa meza moja. Zote ziliwahi kuwa vinara. Zote zilifikwa na siku ambayo bidhaa iliyozilisha ilianza kukataliwa sokoni. Zote zipo mpaka leo. Lakini ya kwanza ilikwenda kumuuliza mteja, ya pili ikawauliza wakemia na wahandisi wake, na ya tatu ikalazimika kuanza na bodi yake yenyewe, kujua kwa nini haikuwa ikiambiwa ukweli. Sidhani kwamba hayo yalitokea kwa bahati. Kila jamii ina namna yake ya kuajiri, ya kuheshimu na ya kunyamaza, na namna hizo huingia ndani ya kikao hata kama hazikuandikwa kwenye ajenda.

Tuanze na IBM. Kwa mwaka 1992 ilitangaza hasara ya karibu dola bilioni 5, kubwa kuliko zote zilizokuwa zimewahi kutokea kwa kampuni ya Marekani hadi wakati huo, na mwaka uliofuata hasara ikapita bilioni 8. Kompyuta kuu, zile mashine za ukubwa wa kabati zilizotunza hesabu za benki na serikali, zilikuwa zikipigwa bei na washindani huku kompyuta ndogo zikiteka ofisi. Uongozi uliokuwapo ulikwisha kuamua dawa: kuikata kampuni vipande, kila kipande kijitafutie riziki. Bodi ikamwita Louis Gerstner, mtu ambaye hakuwahi kutengeneza kompyuta. Alitoka RJR Nabisco, kampuni ya biskuti na sigara, na kabla ya hapo alikuwa American Express, ambako alikuwa mnunuzi mkubwa wa mashine za IBM. Alianza kazi tarehe 1 Aprili 1993. Kwa maneno mengine, Marekani ilimtoa mteja upande wa pili wa kaunta na kumkalisha kwenye kiti cha mwenye duka.

Kuna tukio la siku zake za mwanzo linaloeleza mengi. Mmoja wa wakuu wa kompyuta kuu alikuja kutoa taarifa, akaanza na slaidi zake kama ilivyokuwa ada ya nyumba ile. Alipofika slaidi ya pili, Gerstner alinyanyuka, akaiendea projekta, akaizima, na kumwomba kwa upole waongee tu kuhusu biashara yenyewe. Kabla jua halijachwa habari ilikuwa imezagaa kwenye barua pepe za kampuni duniani kote. Slaidi katika IBM hazikuwa nyenzo tu, zilikuwa ngao. Aliyejificha nyuma yake hakulazimika kusema anachokijua kwa kinywa chake.

Kisha akaagiza kila mkubwa wa juu awatembelee wateja wasiopungua watano, awasikilize, na kuleta taarifa fupi ya ukurasa mmoja au miwili. Wateja walisema jambo ambalo uongozi uliotangulia haukulitarajia: hawakutaka IBM nyingi ndogondogo. Mashine zilikuwa zimezidi aina, kila mtengenezaji na lugha yake, na walitaka mtu mmoja mwenye uwezo wa kuziunganisha. Hapo mpango wa kuikata kampuni ukafa. Bei za kompyuta kuu zikashushwa kwa makusudi, teknolojia mpya ya chipu ambayo wahandisi walikwisha kuianza ikapewa fedha, na huduma kwa wateja zikawa biashara kubwa ya kujitegemea. Julai 1993 Gerstner aliwaambia waandishi wa habari kwamba kitu ambacho IBM haikukihitaji kwa wakati ule ni maono. Wengi walimshangaa, lakini alikuwa na haki: kampuni ilikuwa na makabati yaliyojaa maono, ikakosa masikio. Wakati huohuo alitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 35,000, katika kampuni ambayo kwa miongo mingi ilijivunia kutomwachisha mtu kazi kwa sababu za kibiashara.

Sasa tuvuke bahari hadi Tokyo. Wasomaji waliokulia enzi za studio za picha watakumbuka vibao vya njano vya Kodak na vya kijani vya Fuji. Mauzo ya mikanda ya picha duniani yalifika kilele mwaka 2000, na katika miaka kumi iliyofuata yakaporomoka hadi chini ya sehemu moja ya kumi. Mwaka huohuo wa 2000 Shigetaka Komori akawa rais wa Fuji. Gerstner alikuwa mgeni wa jana. Komori alikuwa ameingia Fuji mwaka 1963 akiwa kijana na hakuwahi kuondoka. Gerstner hakuwa na deni kwa mtu. Komori alikuwa na deni kwa kila aliyefanya naye kazi kwa karibu miaka arobaini.

Komori hakuanza kwa wateja, na sababu yake ni nzito: wateja wa mikanda walikuwa wakiondoka, na anayeondoka hana la kukushauri. Aliwageukia watafiti wa kampuni na kutaka kila ujuzi uliomo ndani uorodheshwe, kisha upangwe katika jedwali: ujuzi wa zamani na mpya upande mmoja, masoko ya zamani na mapya upande wa pili. Jedwali lenyewe halikuzaliwa Japani. Ni la ukoo wa Igor Ansoff, mzaliwa wa Vladivostok aliyehamia Marekani na kuchapisha wazo hilo mwaka 1957. Cha Japani kilikuwa subira ya kulijaza na imani kwamba majibu yamo ndani ya nyumba.

Na yalikuwamo. Mkanda wa picha wa rangi ni kitu cha ajabu ukikitazama kwa karibu: tabaka zipatazo ishirini zilizopangwa juu ya utando mwembamba, zikishikwa na jelatini, ambayo hutokana na kolajeni. Kolajeni hiyohiyo ndiyo inayoshikilia ngozi ya binadamu. Picha hufifia kwa sababu kemikali zake huathiriwa na oksijeni na mwanga, na ngozi nayo huzeeka kwa njia inayofanana na hiyo. Wakemia waliotumia maisha yao kuzuia picha zisipauke walikuwa, bila kujijua, wataalamu wa ngozi. Mwaka 2007 Fujifilm ikaingiza sokoni vipodozi vya Astalift. Utando uliobeba picha nao ulipata kazi mpya: kemia yake ndiyo iliyotoa utando unaolinda skrini bapa za televisheni na kompyuta, na kampuni ikajenga kiwanda kikubwa Kumamoto kwa ajili hiyo. Mwaka 2008 ikainunua kampuni ya dawa ya Toyama Chemical. Mwaka 2006 ilikwisha kuliondoa neno "Photo" kwenye jina lake.

Hapa Kodak haiwezi kuachwa, lakini isiletwe kama kichekesho, kama ilivyo desturi ya wasimuliaji wengi. Kodak ndiyo iliyotengeneza kamera ya kidijitali mwaka 1975, kwa mikono ya mhandisi Steven Sasson. Mwaka 1988 ilinunua kampuni ya dawa, Sterling Drug, miaka ishirini kabla ya Fuji kufanya lilelile. Kufikia mwaka 1994 ilikuwa imeziuza biashara hizo za dawa, na mwaka huohuo ikaitenga idara yake ya kemikali ijitegemee. Januari 2012 ikaomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi. Je, walikuwa wajinga? La. Walitii kanuni inayoheshimika Marekani: kampuni ishike inachokifanya vizuri zaidi, na mwenye hisa anayetaka kutawanya hatari atawanye mwenyewe kwa kununua hisa za kampuni nyingine. Eastman Chemical, ile idara iliyotengwa, ipo hadi leo Kingsport, Tennessee, na inafanya biashara yake vizuri. Katika mila ya Marekani mtaji na ujuzi huhama na jina likaachwa life. Katika mila ya Japani jina na watu hubaki, na kazi ndiyo inayobadilishwa. Zote mbili ni namna za kuokoa kitu. Hazikubaliani tu ni kitu gani kinachostahili kuokolewa.

Wala tusiitakase Fujifilm kupita kiasi. Nayo ilipunguza maelfu ya wafanyakazi katikati ya muongo ule, hasa kwenye viwanda na mtandao wa mauzo ya mikanda. Na wala mila si gereza: Sony, ya Tokyo vilevile, ilimkabidhi uongozi Howard Stringer, mzaliwa wa Wales, mwaka 2005.

Nokia inatugusa zaidi. Simu ya Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani na vitufe visivyoingiza vumbi, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Wakenya waliita simu za aina hiyo mulika mwizi, Watanzania wakaziita kitochi. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwaka 2007, simu ndogo za namna hii ndizo zilizoipokea. Mwaka huohuo iPhone iliingia sokoni Marekani.

Kilichotokea Espoo, makao makuu ya Nokia, kimechunguzwa kwa makini na watafiti Quy Huy na Timo Vuori, waliowahoji watu 76. Walichokikuta si uhaba wa takwimu. Mameneja wa kati walijua kwamba programu yao ya Symbian haiwezi kushindana, lakini waliogopa hasira za wakubwa. Wakubwa nao waliogopa soko la hisa na washindani, wakazidi kudai ahadi ambazo wa chini hawakuthubutu kuzikataa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Uchambuzi wa kimkakati ulikuwa ukifanyika kila robo mwaka, kwa ustadi, juu ya habari zilizokwisha kupakwa rangi.

Risto Siilasmaa alipokuwa mwenyekiti wa bodi Mei 2012, hakuanza kwa wateja wala kwa wahandisi. Alianza kwa kanuni za mwenendo wa bodi yenyewe. Ya kwanza ilikuwa kudhani kila mara kwamba mwenzako ana nia njema. Nyingine ilisema kikao kisicho na kicheko hata kimoja kimeshindwa. Mtu mwenye haraka angeziona kuwa mambo ya watoto, hasa kampuni inapopoteza mabilioni. Mimi naziona kuwa sehemu ya uchambuzi, kwa sababu bila hizo bodi isingethubutu kuchora mezani mustakabali wa Nokia isiyotengeneza simu. Iliuchora, pamoja na njia nyingine kadhaa, nzuri na mbaya. Septemba 2013 ikatangaza kuiuzia Microsoft biashara ya simu kwa euro bilioni 5.44; mwaka huohuo ikanunua nusu ya Siemens katika kampuni yao ya pamoja ya mitambo ya mitandao, na mwaka 2015 ikatangaza kuinunua Alcatel-Lucent. Kampuni iliyoanza na karatasi mwaka 1865, ikapitia mabuti ya mpira na nyaya, ikawa ya mitambo ya mawasiliano.

Ufini ina jambo jingine ambalo sikuliona Marekani wala Japani. Tangu 2011, hata kabla ya Siilasmaa, wafanyakazi waliopunguzwa waliwekewa mpango ulioitwa Bridge. Aliyetaka kuanzisha biashara aliweza kupata ruzuku ya hadi euro 25,000, na kampuni changa zipatazo 1,000 zilizaliwa hivyo. Nchi ina watu milioni tano na nusu. Huwezi kuwatupa wahandisi wako kisha ukaenda kuwatafuta kwingine. Marekani soko ndilo linalotarajiwa kumpokea aliyeachishwa. Japani nyumba hujitahidi kumtafutia kazi nyingine humo ndani. Ufini kampuni ilimsindikiza hadi mlangoni ikiwa na kitu mkononi.

Hakuna jibu kati ya haya matatu lililokuwa la milele. Novemba 2021 IBM yenyewe ilitenga sehemu kubwa ya huduma za miundombinu, biashara ileile iliyokuwa nguzo ya ufufuo wa Gerstner, ikawa kampuni ya peke yake inayoitwa Kyndryl. Jina la Nokia kwenye simu za mkononi likaja kukodishwa kwa HMD Global. Hilo haliwapunguzii heshima waliochambua. Kila moja lilikuwa jibu sahihi kwa miaka yake.

Hata hivyo, bodi ya kampuni ya teknolojia inayoyumba leo, popote ilipo, ikitaka kujua ianzie wapi, ningeishauri ianze na mlango wa Nokia kabla ya ule wa IBM au wa Fujifilm. Mteja akisema kweli, lazima awepo mtumishi asiyeogopa kuifikisha juu. Mkemia akijua thamani ya ujuzi wake, lazima awepo mkubwa atakayemsikiliza bila kumkatisha. Pale ambapo aliye chini humwogopa aliye juu, ile karatasi ya vyumba vinne itajazwa vizuri, itapigwa muhuri, na kampuni itafungwa huku karatasi hiyo ikiwa kwenye faili.